Eda ya Bi Thuwaiba
Hind ndiye aliyeilinda eda ya mama yake, na hata askari wa bandarini hakuwa mkali kama yeye. Tangu baba afariki, Machi 2008, Bi Thuwaiba alikaa darini, ghorofa ya juu ya nyumba yao Kiponda, amevaa nyeupe, miezi minne na siku kumi bila ya kuvuka mlango. Mtaa ule una wanawake wanaozijua siku za eda za wenzao kuliko umri wa watoto wao, na Hind akiwaogopa kupita kiasi.

Mwezi wa tatu Bi Thuwaiba akaanza kujikuna. Wakasema joto. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Wakasema hanywi maji. Umeme nao ulikuwa umekatika kisiwa kizima, na kwenye mwanga wa kandili nani asiyekuwa manjano? Lakini asubuhi moja Hind alifungua dirisha, akayaona macho ya mama yake, akakosa cha kusingizia.

"Hind mwanangu, nipelekeni kwa daktari."

"Zimebaki siku arobaini tu, mama. Watu watatusema. Ntakuletea dawa ya manjano kutoka shamba."

Akaleta mizizi ya kuchemsha, chungu hata kuinusa. Bi Thuwaiba akainywa siku zote arobaini.

Eda ilipokwisha wakavuka hadi Dar es Salaam kupiga picha za tumbo. Uvimbe ulikuwa kwenye kichwa cha kongosho, umeuziba mrija wa nyongo. Hapo kaka yake Hind, Muhannad, aliyekuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja huko Ulaya, akapiga simu kwa furaha.

"Dada, hapa wana roboti! Mikono minne ya chuma, inaingia tumboni kwa vitundu vidogo tu. Daktari anakaa pembeni, anatazama kwenye kioo, anaiendesha kwa vidole. Nimemlilia mpaka amekubali kuzitazama picha."

Kwa siku tisa Hind alikuwa mtu mwingine. Alimpeleka mama kupiga picha ya pasipoti, akamnunulia sweta la mtumba Darajani, akawa anacheka peke yake jikoni.

Siku ya kumi Muhannad akapiga tena. Hakuwa na furaha.

"Uvimbe umeuzunguka mshipa mkubwa wa damu, na umeshaingia kwenye ini. Roboti haina kazi tena. Daktari anasema angempata mara tu macho yalipobadilika, angejaribu kumpasua."

Alasiri ile alikuja Bi Ghaliya, mwalimu wa darsa la wanawake, kumtazama mgonjwa. Hind akamweleza yote mlangoni.

"Lakini eda haimzuii mgonjwa kwenda kutibiwa," Bi Ghaliya akasema kwa mshangao. "Anatoka, anarudi kulala kwake. Kwani hamkuniuliza?"

Hawakumuuliza mtu. Hind alipanda ngazi, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia mama yake kila kitu.

"Nnayajua hayo," Bi Thuwaiba akasema. "Huyo Ghaliya nimemsomesha mimi."

"Basi mbona hukunambia, mama?"

"Nlikuona unavyowaogopa watu, nkakuonea huruma. Nkasema siku arobaini ntakupa. Nlidhani nnazo."