Tonge la Pembe Tatu

Boksi la chakula la Malak lilirudi kutoka skuli zito vile vile lilivyokwenda. Ummukulthum alilipima kwa mkono mlangoni. Tangu mwanawe Riyadh, baba yake Malak, afariki, wiki ya sita sasa, mtoto alikuwa hali chochote mchana. Sambusa zilirudi, chapati zilirudi. Mwalimu alikwisha kumpigia simu mara mbili Najla, mama wa mtoto, akiwa kazini kwa wazee anaowatunza.

"Mke mwenzangu," Ummukulthum alimwambia mjukuu wake, "wataka nini hasa?"

"Onigiri. Kama za Baba."

Riyadh alipika miaka tisa katika mkahawa wa Kijapani huku ughaibuni, mtaa wa Kilburn. Kila asubuhi kabla hajatoka nyumbani kwao Edmonton alimfungia bintiye matonge mawili ya wali ya pembe tatu, ndani jodari, nje karatasi nyeusi ya mwani. Ummukulthum alikuwa akimcheka. Kijijini kwao Paje mwani walipanda wakauza, nani aliyeula?

Jumapili akainjika wali. Nusu mfuko wa mchele wa Kijapani wa Riyadh ulikuwa bado kabatini, umefungwa kwa mpira alioufunga mwenyewe. Ummukulthum akaupita, akachukua basmati yake. Akatia mafuta, akageuza kwa mwiko, ukatoka wali wa kuchambuka, punje na mwenziwe hawajuani. Alipoufinyanga ukamwagika mezani.

"Bibi, huu unakimbia," alisema Malak. "Baba hutumia ule mwingine. Na hatii mafuta."

"Nikupikie wali uliorojeka kama bokoboko, watu waseme bibi yako hajui kupika?"

"Watu gani? Nakula mimi peke yangu."

Ummukulthum alisimama kidogo mbele ya kabati. Kisha akaufungua ule mpira, akauvaa mkononi.

Akauosha mchele mpaka maji yakawa maangavu, akauroweka nusu saa, akatia maji yaliyouzidi kidogo tu, akafunika. Moto mdogo. Mara mbili mkono wake ulikwenda kwenye kifuniko, mara mbili Malak akasema, "A-a!" Hata jiko lilipozimwa walingoja dakika kumi.

Ukatoka wali wa kunata, ambao harusini ungemvunjia mpishi jina. Wakalowesha mikono, wakapaka chumvi, wakatia katikati jodari wa kopo aliyechanganywa na mayonezi, wakafumba, wakabana, wakageuza, wakabana tena. Matonge ya Ummukulthum yalitoka mviringo kama kababu. Malak alikunja kiganja akatoa pembe, mkono ule ule wa baba yake.

Jumatatu alfajiri wakapika upya, wakayafunga matonge kwa karatasi za mwani alizoziacha Riyadh. Jioni boksi likarudi jepesi.

"Chumvi ilizidi," alisema Malak, akivua viatu.

Ummukulthum akalifungua. Kipande cha mwani kilikuwa kimeganda kwenye kifuniko. Akakibandua, akakila, akaenda kutazama mchele uliobaki unatosha siku ngapi.