Mgeni Rasmi wa Nchi ya Ufadhili

Wasomaji wangu, anayelala na hasira haoti mambo ya maana, hivyo ndivyo nilivyoamini hadi alasiri ile. Nilikuwa nimetoka kugombana na mkurugenzi wangu, Profesa Ng'humbi, kuhusu homa mpya iliyokuwa ikiwaangusha wachinjaji wa mbuzi kule machinjio ya Orkirana. Damu zao nilizitoa mwenyewe, pamoja na ya kijana wao Saibulu, aliyenitania kwamba nimemkamua kuliko mbuzi wake. Zilikuwa zimeganda kwenye jokofu letu, kwa sababu hatukuwa na fedha za kuzipima. Tuliwaomba wafadhili, nao wakatujibu kwa adabu zote kwamba ugonjwa wetu bado haujawa na uzito. "Tuvute subira, Dokta," Profesa akaniambia, huku akichagua rangi ya fulana za semina. Nikarudi ofisini, nikalaza kichwa mezani, nikamsonya hadi usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ambayo vilima vyake vyote vimefunikwa na mahema meupe, na ndani ya kila hema viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa na kufungwa utepe kiunoni kama maharusi. Juu ya kila hema lilining'inia bango la ugonjwa uliokwisha kupita zamani, na chini yake watu wenye vitambulisho shingoni walikuwa wakijadili kwa uchungu namna ambavyo wangeuzuia. Mama mmoja mwenye mabuti ya mvua na uso mtulivu akanishika kiwiko. "Mimi naitwa Tahadhari," akasema. "Huku wananialika kila mwaka, ila kiti sijawahi kupewa. Twende, mwanangu, uone wanavyopokea wageni."

Akanipeleka langoni, alikoketi Bwana Vigezo, mwanamume mnene asiyemtazama mtu usoni. Mbele yake alisimama mwanamke mwembamba aliyejitanda kanga, akapiga hodi kwa sauti ya chini na kusema kwamba yeye ni Homa. Bwana Vigezo akamuuliza ameua wangapi. "Wachache tu, baba. Ndiyo kwanza nafika." Akamuuliza ni wachache wa wapi, akajibiwa ni wa machinjioni, basi mzee mzima akacheka hadi kitambi kikatikisika. "Wachinjaji! Nenda kakue kwanza, dada. Siku utakayopanda ndege, tutakutambua." Homa hakuchukia hata kidogo. "Asante kwa maelekezo, baba," akasema. "Nitayafuata." Akaondoka. Nilitaka kumkunja shati yule bwana, lakini Tahadhari akanizuia. "Usijichoshe," akasema. "Huyu anadhani amemfukuza, kumbe amemwonyesha njia."

Tukaingia hema kubwa, ambamo shughuli ilikuwa imekwama kwa kumngoja mgeni rasmi. Bwana Mbwembwe alishika kipaza sauti na kuwapigisha watu makofi ya kilo. Bi Tamaa alisaini posho, kisha akafungasha sambusa kwenye mkoba wake. Profesa Majivuno alikuwa amesimama kuhutubia, na tangu tuingie hadi tunapata pa kuegemea alikuwa bado anawataja waheshimiwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao, maana huko ni heri wafe watu kuliko kumruka naibu wa fulani. Eti wasomi hao.

Ghafla Bwana Vigezo mwenyewe akaingia mbio akiwa ameshika mwavuli, na chini ya mwavuli alikuwa Homa yule yule, sasa amenenepa, amevaa gauni la hariri, na begi lake bado lina lebo ya uwanja wa ndege. Hakuna aliyemuuliza ni nani. Walikuwa wakingoja mgeni rasmi, na huyu amekuja na mwavuli, basi wakaridhika. Wakapanga mstari wa kumpa mkono. Profesa Majivuno akampa mikono miwili kwa heshima, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akachukua sambusa na kulamba vidole. Niliwadharau mpaka mate yakawa machungu, na katikati ya dharau hiyo nikajikuta na mimi nimo mstarini. "Toka hapo, mwanangu," Tahadhari akasema. Nikamwuliza nikitoka nitapata wapi fedha za kupima damu za kina Saibulu. "Na ukibaki," akauliza taratibu, "utampimia nani?" Homa alikwisha kunifikia. "Dokta," akasema, akininyooshea mkono, "ahsante kwa kunisubiri."

Simu ikaniamsha. Alikuwa Profesa Ng'humbi, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyepata mjukuu. "Pongezi, Dokta. Orkirana wamekufa wengine, sasa tumetimiza vigezo. Wafadhili wamekubali. Andaa kikao cha wadau." Nikamwuliza ni kina nani waliokufa. "Andiko la mradi halidai majina," akasema.

Ndipo nilipoelewa kwamba nchi ile ndiyo inayonilipa mshahara, na kwamba subira tuliyokuwa tukiivuta ilikuwa ni kungoja watu wafe. Nikakata simu, nikampigia Nesi Elinami wa zahanati ya Orkirana, nikamwambia afunge machinjio leo hii kwa jina langu, asingoje kibali cha mtu. Akasema sawa. Nikamwuliza hali ya Saibulu.

"Ndiye aliyetangulia, Dokta," akasema. "Juzi alikuja kuuliza majibu ya damu yake. Nikamwambia asubiri, kama mlivyonielekeza."