Karai Lisilobadilishwa Maji

Mimi ni fundi pancha. Shule niliiachia darasa la nne, lakini binti yangu yuko chuo, na likizo hii alikuwa kwenye mafunzo ya mbu. Wanatega mitego, wanachota maji yaliyotuama, kisha wanarudi maabara kukagua miguu na mabawa kwa hadubini.

Zoezi la mwisho lilikuwa moja: kila mwanafunzi atafute mwenyewe mazalio ya mbu. Asiyepata, hapati cheti. Na ulikuwa ukame. Siku nne alizunguka mtaa mzima na upawa wake mweupe, akarudi na vumbi tu.

"Baba, nichote kwenye karai lako."

"Mbele ya wateja? Waseme fundi anafuga mbu? Kwangu hakuna mbu."

Karai hilo ndilo ninalozamishia tyubu nione pancha inapotoa viputo. Maji yake sikumbuki niliyabadilisha lini.

Asubuhi ya siku ya mwisho nikazamisha tyubu ya baiskeli. Kiputo kikapanda. Kikarudi chini. Nikainama. Kilikuwa na mkia, na ndugu zake mia.

Ningeweza kumwaga. Nilifikiria, nisiwe mwongo. Kisha nikajitwika karai hadi maabara, maji yakinitiririka shingoni.

Mkuu wa maabara, mama wa kauli fupi, akanitazama nilivyolowa. "Mzee, umeleta nini?"

"Cheti cha mwanangu."

Akachungulia. "Viluwiluwi wazuri sana. Ila hawa hawahesabiki. Lazima achote mwenyewe, palepale wanapozaliwa, tukiona."

Binti alikuwa ameinamia hadubini. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Nikajitwika tena. Safari hii walinifuata watu wanne wenye mabuti, binti na mkuu wakiwemo, kama mwizi anayepelekwa kuonyesha alikoficha. Kibandani wateja watatu walikuwa wananingoja. Nikatua karai mahali pake. Binti akachota, akahesabu: thelathini na saba kwa upawa mmoja. Akafungua fomu.

"Mwenye chombo?"

"Unanijua."

"Mzee, jibu swali," binti akasema.

"Baba yako."

"Maji yalibadilishwa lini mara ya mwisho?"

Wateja wakaacha kuongea ili wasikie vizuri.

"Ulikuwa bado sekondari."

Akaandika hivyohivyo. Mkuu akatia sahihi, na binti akalipindua karai bila kuniuliza.

"Sasa fundi," mteja mmoja akasema, "pancha yangu utaitafutia wapi?"

"Lete tyubu," nikamwambia. "Mate ninayo."