Komeo la Upande wa Pili

Kwa mara ya tatu wiki ile, mtu alimwaga maji ya samaki mbele ya mlango. Bi Thuwaiba akatoka na ndoo na ufagio, akayasukuma magamba mpaka mtaroni. Ng'ambo ya kichochoro, kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni mwa nyumba yake, Bwana Harith alikaa na kikombe cha kahawa akimtazama.

"Sugua sana, Bi Thuwaiba," akasema. "Uvundo wa nyumba hiyo hautoki kwa maji."

"Asalaam aleikum, Bwana Harith."

Hakuitikia. Akageuza uso, akapuliza kahawa yake. Bi Thuwaiba alizaliwa kisiwani hapa Amu na kukulia Amu, na katika miaka yake sitini na moja hakuwahi kunyimwa jibu la salamu mlangoni kwake mwenyewe. Aliinamia ufagio wake, akamaliza kazi.

Nyumba ile ya mawe ilikuwa wakfu. Kamati ya wakfu ilimpa aisimamie miaka miwili nyuma, akakaa humo na watu watano, watu wazima ambao akili zao zilikua polepole kuliko miili. Barka alipewa dawa ya kifafa pamoja na uji. Hamdu, mwenye mvi tayari, alikuwa amejifunza kufua kanzu yake mwenyewe na sasa alifua hata zilizo safi. Ukutani kulibandikwa picha za kazi za kila mtu, maana kusoma hawakujua: sufuria, fagio, ndoo. Bi Thuwaiba aliwaita watu wangu. Mtaa uliwaita mazezeta.

Zamani mtaa uliwasema kwa chini chini. Tangu Jumatano ilikuwa waziwazi.

Jumatano ile, baada ya alasiri, Nadra, mkewe Harith, alirudi kutoka kuhani msiba, akapanda juu, akamkuta Raihana ukumbini kwake. Raihana, mwanamke wa miaka thelathini na sita, mmoja wa wale watano. Alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo la Hindu, binti yao, mwenye mimba ya miezi saba. Nadra alipiga ukelele uliosikika mpaka sokoni. Kabla ya isha Harith alikuwa ameshafika kwa kamati: aondoke Raihana, ama atakusanya sahihi za mtaa mzima na nyumba ifungwe.

Jumamosi akaja Hesbon, mwandishi wa kamati, kijana wa bara aliyekuwa na haraka siku zote.

"Mama, tuongee ukweli," alisema, bila kuketi. "Mmoja akienda, wanne wanabaki. Nimeshampigia kakake kule Siyu. Anakuja na boti Jumanne."

"Umempigia Famau?"

"Si ni ndugu yake?"

"Mwanangu, ulipata kuuona mguu wa Raihana, pale juu ya kifundo?"

Hakuwahi kuuona. Bi Thuwaiba akamwambia. Kovu lilizunguka mguu kama bangili. Miaka tisa Raihana alifungwa kamba kwenye nguzo nyuma ya jiko, kwa sababu kisima kilikuwa karibu, na shamba lilitaka watu, hakubaki wa kumlinda. Famau hakuwa mtu mwovu. Alimpelekea dada yake chakula kabla yeye mwenyewe hajala, na alilia siku alipomleta Amu. Lakini kisima bado kipo pale pale, na shamba bado lataka watu.

Hesbon alivua kofia, akaivaa tena. "Sasa mimi nifanye nini? Hawa watu wamekasirika, mama. Jumatatu nitaketi nao kwa Harith. Kama una la kumtetea, lilete. Kama huna, Jumanne anaenda."

Akaondoka. Bi Thuwaiba akaingia jikoni. Raihana alikuwa sakafuni na ungo, akichambua mchele. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mawe yaliruka pembeni kana kwamba yameitwa.

"Raihana. Uliingiaje kwa Bwana Harith?"

"Nimeambiwa nisiseme."

"Na nani?"

"Nimeambiwa nisiseme, mama."

"Usiposema utarudishwa Siyu."

Vidole vikasimama. Raihana aliuvuta mguu wake polepole, akauficha chini ya kanga.

"Nimeahidi," akasema, na vidole vikaanza tena.

Bi Thuwaiba hakumshurutisha. Alipanda juu mpaka kwenye wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Bibi zao walipita humo kutembeleana bila kushuka njiani kuonekana na wanaume. Siku hizi katikati palikuwa na mlango uliofungwa. Aliusukuma. Haukutikisika. Akaupapasa kwa viganja, juu mpaka chini: upande wake haukuwa na kitasa, haukuwa na komeo, haukuwa na hata msumari.

Basi Raihana hakuufungua. Alifunguliwa.

Chini ya mlango, kwenye ufa, palikuwa na petali za asumini, nyingine zimekauka, nyingine mbichi. Bi Thuwaiba akaokota moja, akainusa, akaketi palepale kwenye vumbi.

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na mtu mmoja tu wa asumini: Bi Zamzam, mama yake Harith. Hapana bibi harusi mtaani aliyetoka bila kikuba cha mkono wake, lile shada dogo la asumini na majani ya rehani linalobandikwa kifuani. Na hapana asiyejua kuwa macho ya Bi Zamzam yana mtoto wa jicho, yote mawili. Watu walishangaa jinsi anavyotunga, wakamsifu Mungu. Bi Thuwaiba naye alimsifu Mungu, hakufikiri zaidi, mpaka sasa alipovikumbuka vidole vya Raihana kwenye mchele.

Angeweza kwenda kulitangaza sokoni siku ile ile. Lakini jina la Bi Zamzam ndilo kitu pekee alichobaki nacho kikongwe yule, na mtu havuliwi jina lake na jirani. Afadhali aseme mwenyewe. Jumapili asubuhi akavuka kichochoro, akabisha hodi. Nadra alifungua ubao mmoja wa mlango, kiasi cha pua kupita.

"Nimekuja kumjulia hali Bi Zamzam."

"Amelala."

"Saa nne hii?"

"Hata ukija saa sita atakuwa amelala. Na ukija kesho kutwa pia." Ubao ukafungwa.

Jumatatu, Harith aliwapandisha wote juu, jambo asilopenda, kwa kuwa alitaka mamake mzazi ashuhudie, na Bi Zamzam alikuwa hajashuka ngazi zile miaka minne sasa. Alikuwa ameketi kitandani, mdogo kama mtoto, uso ukielekea ukutani. Wanawake wanne wa mtaa, Umulkheir mbele yao, walijipanga kwenye mkeka. Hesbon alipewa kiti. Bi Thuwaiba hakupewa.

"Sema, Nadra," akasema Harith.

"Niseme nini tena? Ameingia kama paka. Akamtia mwanangu mkono tumboni. Mtoto akitoka punguani kama yeye, atalelewa na nani? Na Bi Thuwaiba?"

"Nikipewa, nitamlea," akasema Bi Thuwaiba.

"Toba!" Umulkheir akapiga paja. "Sikiliza mdomo huo! Anamwombea mabaya mbele yetu!"

"Yeye ameshazoea," akadakia mwingine. "Kwake wote ni sawa, wenye akili na wasio nazo." Wakacheka.

Harith akainua mkono. "Mimi sina maneno mengi. Mnyama hapigi hodi. Ndugu zake wakae na mnyama wao huko Siyu, si hapa."

Hesbon alimtazama Bi Thuwaiba kama mtu anayengoja mvua kwenye kiangazi.

"Bwana Harith," akasema Bi Thuwaiba, "aliingia kwa wapi?"

"Kwa wikio."

"Alivunja?"

"Hapana kilichovunjika."

"Na komeo la mlango ule liko upande gani?"

Harith akamgeukia binti yake. "Hindu! Wewe ulimfungulia?"

"Wallahi, baba, nilikuwa nimelala. Nilitoka nikamkuta ukumbini." Hindu alikuwa akilisokota pindo la mtandio wake. "Aliniuliza, mtoto yumo? Nikamwambia, yumo. Akanyoosha mkono, nami nikamwachia. Hakunifanya kitu. Mtoto alicheza, naye akacheka."

"Mbona siku zote hizi husemi?" Nadra akamaka.

"Ulipiga ukelele, mama. Tangu siku hiyo hujanyamaza."

Bi Thuwaiba alimtazama msichana yule, akamshukuru moyoni. Kitandani hakutazama hata mara moja. Aliyatupa macho yake sakafuni, akasema taratibu:

"Aliyefungua simjui. Ninalojua ni kwamba Raihana ameulizwa, akakataa kumtaja, kwa sababu alimwahidi. Kesho anapelekwa Siyu kufungwa kamba kwa ajili ya ahadi hiyo. Sina zaidi."

Halafu sauti kavu ikatoka kitandani.

"Kamba ya nini?"

"Ya mguuni, Bi Zamzam. Alifungwa miaka tisa."

"Hakunambia."

"Hasemi mengi."

Kikongwe aligeuka kutoka ukutani, kwa taabu, bega moja kwanza. "Ni mimi niliyefungua, Harith."

"Mama, wewe umechoka..."

"Sikuchoka. Ni mimi. Kila siku baada ya alasiri, mukeo akitoka. Mato yangu hayaoni tundu ya sindano tangu mwaka yuzi." Akawanyooshea kidole wale wa mkekani, ingawa kidole kilikwenda kando kidogo. "Vikuba mulivyovaa harusini msimu huu wote, wewe Umulkheir na binti zako, si mkono wangu. Ni mkono wa yule."

Umulkheir alishika kifua chake kana kwamba kuna kitu bado kimebandikwa pale. "Umetuvisha maua ya zezeta?"

"Nimewavisha. Mukanusa, mukasema hapana kama mkono wa Bi Zamzam. Nami nikanyamaza, nikala sifa zisizo zangu. Nilichelea kuitwa kipofu." Akapumua. "Yule mtoto nilimwambia asiseme, hakusema. Mimi mtu mzima nikamwacha atukanwe siku tano."

"Umenivua nguo mbele ya watu, mama," akasema Harith kwa sauti ya chini.

"Nimejivua mimi. Wewe kaa na zako."

Hesbon akasimama kabla maneno hayajazaa mengine. Hapana aliyevamia nyumba ya mtu, akasema. Atampigia Famau asije. Wanawake wakashuka ngazi wakinong'ona, na Umulkheir alipompita Bi Thuwaiba aliukusanya mtandio wake usimguse.

"Abaki basi," Harith akamwambia Bi Thuwaiba mlangoni. "Lakini kwangu hapiti tena."

Kabla ya magharibi fundi alikuwa wikioni, akigongomea mbao nne. Raihana alisimama upande wa huku, kiganja juu ya mlango, akaupokea kila msumari.

"Jumanne?" akauliza.

"Jumanne unabaki," akasema Bi Thuwaiba.

"Jumatano?"

"Unabaki."

Akazipitia siku zote za juma, moja moja, na Bi Thuwaiba akamjibu moja moja, mpaka fundi akamaliza.

Jumanne maji ya samaki yalimwagwa tena. Harusi mbili zilizoagiza vikuba zikatuma watu kusema wamepata kwingine.

Alhamisi, jua likiwa limeanza kulainika, ugomvi ukasikika kichochoroni. Bi Thuwaiba alichungulia. Bi Zamzam alikuwa akitoka kwenye mlango wa mwanawe, kipande cha hatua kwa kipande cha hatua, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili umeshikwa na Nadra, ambaye uso wake ulikuwa mchungu kama ukwaju. Madirisha yakafunguka juu.

"Mama, rudi yuu chumbani kwako!" Harith alikuwa kwenye daka lake na kikombe chake. "Watu wanatazama!"

"Nawatazame. Wewe umefunga ndia ya yuu. Ndia ya tini, hii ya kichochoroni, hukuipigia misumari."

"Unanitia aibu."

"Sogeza miguu yako, nipite."

Bi Thuwaiba alidhani hataisogeza. Kichochoro chote kilidhani hivyo. Harith alikaa vile vile, taya amelikaza, miguu mirefu imekata njia. Kisha akaivuta ndani, akamimina kahawa yake chini, akatazama kwingine.

Ilichukua muda kuvuka hatua nane za kichochoro. Raihana alikwishasikia sauti. Alikuwa ameteremka mbio, akasimama ndani ya mlango akipapatisha mikono, asijue kama anaruhusiwa kutoka. Bi Thuwaiba akamgusa mgongoni, na Raihana akatoka.

Nadra aliusimamisha mzigo wake, yule mama mkwe, kizingitini. Yeye mwenyewe hakukanyaga ndani. Hakumtazama Raihana, na alipozungumza na Bi Thuwaiba alizungumza na ukuta.

"Nitamfuata kabla ya adhana. Ngazi zenu zina giza. Mshikeni upande wa kushoto; bega la kulia linamuuma."