Wimbi Lililogonga Ukuta

Miezi yote ya baridi Mwatima alikuwa akilitazama wimbi lile kwenye kompyuta. Alikuja Birmingham kutoka Pemba kusomea uzamivu, na kazi yake ilikuwa kuunda, kwa hesabu, kipande cha anga la Jua, pale nguvu za sumaku zinapoyaongoza mawimbi kupanda. Wimbi lake lilipanda, likafika juu, kisha nusu yake ikarudi chini. Hakuna aliyelitarajia hilo. Otieno, Mkenya aliyekuwa naye ofisi moja na aliyeyatumia matokeo hayo katika utafiti wake, alifurahi kuliko yeye. Chuo kizima ndiye pekee aliyezungumza naye Kiswahili.

Jumamosi moja, jengo likiwa tupu, Mwatima alikirefusha kile kipande cha anga, akausogeza juu ukomo wake. Wimbi likarudi tena, ila kwa kuchelewa. Akakirefusha zaidi, likachelewa zaidi. Akajua. Jua halikuwa likilirudisha wimbi. Wimbi lilikuwa likigonga ukomo tu, ukuta wa programu aliyoiandika mwenyewe.

Akampigia Otieno, akamweleza.

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Alhamisi niko na interview ya kazi. Ile picha ya wimbi ndiyo nimewatumia. Si ungoje tu hiyo siku ipite?"

"Kikao chetu Jumanne, kaka. Wakiniuliza niwaambie nini?"

"Waambie bado unaangalia."

"Nishaangalia."

"Haya, Mwatima," akasema, akakata simu.

Jumanne alisimama mbele ya wenzake akaeleza kosa lake. Msimamizi wao, Kirandeep, alimshukuru, akamwelekeza namna ya kuufanya ule ukomo uyameze mawimbi badala ya kuyarudisha. Otieno alikaa karibu na mlango.

Otieno aliipata kazi vilevile. Mwatima alizisikia habari hizo kwa Kirandeep, meza ya Otieno ikiwa tayari imeshaondolewa vitu. Akamwandikia kumpongeza. Aliona ujumbe umesomwa, lakini hakujibiwa.

Jioni ile, kwenye treni ya kurudi kwake Erdington, wanawake wawili waliovaa sare za wauguzi walikaa mbele yake wakizungumza Kiswahili cha Kenya, wakimcheka bosi wao. Mwatima alitafuta neno la kuanzia. Walishuka kituo cha Aston kabla hajalipata.