Posho ya Msafara

Muuza mkaa wa Gongoni alikuwa amelibonyeza kopo lake kitako kwa nyundo, likawa linaingiza mkaa pungufu kwa bei iliyopanda. Wateja waliliona lile bonde na wakanunua hivyo hivyo. Renatus alinunua kopo moja, akarudi nalo kwenye mfuko wa rambo. Yeye na Dionis, mwenzake wa chumba, walikuwa mwaka wa pili chuoni na walikula chungu kimoja. Muhula uliopita walipika mchana na jioni. Muhula huu walipika jioni tu, na maharage waliyapasha moto siku baada ya siku mpaka yakageuka uji.

Bumu, ile fedha ya mkopo wa kujikimu, lilikuwa limeingia na kutoka. Lilikuwa lile lile la mwaka jana; vilivyobadilika ni unga, mafuta na kodi ya chumba. Baba yake Renatus, mzee Kasimiri wa Ipole, alikuwa ameuza tumbaku tangu Juni, na chama chao cha wakulima kilikuwa bado kinamwambia asubiri. Ada ilibaki kidogo, lakini kidogo hicho kisipolipwa Renatus hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani anafunga sanduku lake anarudi kwao.

"Bumu lingekuwa mtu," alisema Dionis akipepea jiko, "tungelishitaki kwa kutelekeza watoto."

Magharibi msafara ulipita uani. Ulipita kila siku, kwa sababu nyumba ilijengwa juu ya njia ya zamani ya kwenda pwani. Wapagazi waliokufa walitokea upande wa choo, pembe za ndovu mabegani, wakainama chini ya kamba ya nguo, wakapenya ukuta wa jirani. Mama Imakulata, mwenye nyumba, hakuwa na ugomvi nao zaidi ya vumbi. Wapangaji wapya aliwaambia mambo mawili: taka zinachomwa Jumamosi, na unga wa msafara hauliwi na mtu asiye na bega la kuubebea.

"Ukila posho yao umeajiriwa," alisema. "Na mzigo wao hautuliki, mpaka mwingine ale chungu hicho hicho kwa hiari yake aupokee. Msije mkasema sikuwaambia."

Jioni ile mpagazi mmoja, jina lake Jilala, alikaa kwenye tofali karibu na bomba, akagoma kuinuka. Bega lake lilikuwa limelika mpaka mfupa. Msafara ukasimama. Kiongozi wao, mwenye manyoya ya ndege kichwani, akamsalimu Renatus, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, maana kwa msafara kila saa ni asubuhi ya kuondoka.

"Huyu kachoka," akasema. "Wewe kijana una bega. Kibaba cha unga kila siku, na jora la merikani sasa hivi, mkononi."

Renatus aliliangalia lile jora la kitambaa. Mjini palikuwa na mtu anayenunua vitu vya kale.

"Kaka, uliza kwanza mkataba unaisha lini," Dionis akamnong'oneza.

"Mkataba gani na mtu keshakufa? Nilipe ada kwanza. Bumu lenyewe si tunakula leo, habari ya kulipa tutaijua mbele?"

Hapo ndipo alipokosea. Alidhani msafara nao unasubiri mpaka mtu ahitimu. Akasonga ugali wa unga ule, akala. Dionis akalalia muhogo mbichi. Kabla Renatus hajanawa mikono, pembe ilikuwa begani kwake. Jilala akajinyoosha, akauliza siku hizi njia ya Igunga ni ipi, akaelekezwa, akaenda zake.

Jora lililipa ada ikaisha. Kwa kuwa Renatus alikuwa na masomo, kiongozi alimruhusu kusindikiza msafara mpaka Itetemia kila magharibi na kurudi. Asiye na masomo huenda nao moja kwa moja, uani anapita tu kila magharibi bila kusimama. Lakini pembe haikutoka. Alilala nayo, alioga nayo. Darasani mwalimu alimwambia, "Wewe mwenye pembe, kaa nyuma, wenzako hawaoni ubao." Mama Imakulata alipandisha kodi.

"Mlikuwa wawili," alisema. "Sasa mko wawili na pembe."

Na posho nayo ikaanza kupungua. Renatus alipolalamika, kiongozi alimjibu kwamba hongo, ule ushuru wa kupita nchi za watu, zimepanda huko njiani, kila mtemi anataka zaidi. Renatus akakitazama kibaba chake. Kilikuwa kimebonyezwa kitako.

Wiki ya mtihani ilipofika, msimamizi alimrudisha mlangoni. Mikoba, simu na mizigo haviingii.

"Ada nimelipa yote," Renatus alisema.

"Umelipa ya mtu. Pembe haina kibali. Iache nje, uingie."

"Haitoki."

"Basi njoo kesho ikiwa imetoka. Na kesho ndiyo mwisho."

Jioni hiyo hiyo mzee Kasimiri alishuka kwenye gari la Sikonge na mfuko wa michembe, viazi vilivyokaushwa. Alikuja kusema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba tumbaku haijalipwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akaizunguka ile pembe, akaigonga kwa ukucha. "Umeiweka bega la kulia. Utaandikaje? Babu yangu alibeba la kushoto."

"Sikupewa nafasi ya kuchagua."

"Mtihani lini?"

"Kesho ndiyo mwisho."

Mzee akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mikono anawishwe. "Nimetoka nyumbani sijala. Nipe huo ugali."

"Baba, unga wenyewe ni wa..."

"Naujua unga huo. Kwetu watoto wanaonywa kabla hawajaachishwa ziwa. Nipe."

Dionis aliinamisha kichwa. Mama Imakulata alileta chumvi, akamuuliza mzee anasali parokia gani, akajibiwa, akarudi ndani. Mzee alikula polepole, akikanda kila tonge sawasawa, kama mtu aliyealikwa.

"Tumbaku nimeibeba miaka yangu yote," alisema, "na hela yake sijaiona kwa wakati wake hata siku moja. Pembe, angalau inajulikana inakwenda wapi."

Pembe ikahama bila kishindo, kama paka anayehama paja. Mzee aliinuka, akapima uzito, akampa mwanawe simu yake, maana mikono yote miwili ingekuwa na kazi. Msafara ulipotokea alijipanga nyuma ya mtu wa mwisho. Renatus alimshikia kamba ya nguo juu ili apite.

Kesho yake alifanya mtihani, bega moja likiwa limeshuka kuliko jingine. Kibaba kiliacha kuletwa. Kodi haikushuka, Mama Imakulata alisema kodi ikishapanda imepanda.

Wiki chache baadaye simu ya mzee ililia. Alikuwa karani wa chama cha wakulima.

"Mkulima Kasimiri?"

"Mimi mwanawe."

"Malipo ya tumbaku yametoka, tukishakata mbolea. Aje mwenyewe aweke dole gumba."

"Kaingia safari ya pwani."

"Anarudi lini?"

"Hapa anapita kila siku magharibi. Ila hawasimami, na mikono yake imeshika mzigo."

Zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Sisi tunafunga saa tisa na nusu," alisema. "Hawezi kupita mapema?"

"Hawezi."

"Basi hela yake itakaa." Sauti yake haikuwa mbaya. "Usijali, mdogo wangu, hayuko peke yake. Tunao wengi wa msafara huo. Msimu ujao tutawapigia tena."