Gia Tatu Zilizoliwa

Alhamisi asubuhi, mwanamke nisiyemjua aliingia gereji ya mjomba akiwa na kopo la maziwa ya unga mkononi. Hakusalimu kwanza. Alilipindua kopo juu ya meza yangu ya kazi, zikamwagika gia tatu ndogo, kila moja saizi ya limao.

“Zinaliwa,” alisema. Kisha akajikumbuka. “Samahani, hamjambo? Zinaliwa, na mimi nataka mtu aniambie zinaliwa na nini. Mafundi watatu wamenibadilishia tu. Hakuna aliyeniambia.”

Nje ya lango kulikuwa na pikapu ya zamani ya petroli iliyovutwa na lori la matofali. Ubavuni iliandikwa jina la shule ya watoto viziwi. Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa dereva wake. Kila Jumatatu alfajiri aliwakusanya wanafunzi kumi na mmoja waliokaa mbali kando ya barabara kuu, na kila Ijumaa aliwarudisha kwao.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane kabla, na mjomba alikuwa amenipa ovaroli na kona ya meza mpaka nipate kazi. Mbele ya wateja aliniita Profesa, na sikuwa na uhakika siku zote kama ananisifu.

Niliokota gia moja. Meno yake yalikuwa yamechongoka upande mmoja, makali kiasi cha kukata kidole. Nyingine mbili zilikuwa hivyo hivyo.

“Oili,” alisema mjomba kutoka chini ya gari jingine, hata kabla ya kuziona. “Gia ya distributa ikiliwa, ni oili haifiki. Mama, unaweka oili kweli, au unaweka dua?”

“Naweka vyote viwili, fundi.”

Mchomeleaji wa jirani, ambaye hushinda kwetu kuliko kwake, alicheka mpaka akaketi.

Dereva hakucheka. Alitueleza kwamba ya kwanza ilidumu miezi miwili. Fundi wa pili akaweka ngumu zaidi, ikadumu wiki tano. Wa tatu aliichoma moto gia yake mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye oili ili ikomae, na hiyo ikadumu siku tisa. Siku ilipoisha hiyo ya tatu, watoto walikaa kando ya barabara wakinyeshewa tangu asubuhi hadi alasiri, na hawakuweza kumpigia mtu simu wakasikia akijibu nini.

“Kuna msichana mmoja tunamwita Mchoraji,” alisema. “Ana miaka kumi na miwili. Mwaka huu ndio ameanza kusoma. Kabla shule haijafungwa aliniandikia jina lake kwenye vumbi la mlango wa gari. Baba yake ameniambia, Jumatatu shule ikifunguliwa, gari lisipofika, nisipite tena kwake. Na yule mzee akisema hivyo, ndiyo amesema.”

Mjomba alitoka chini ya gari akijifuta mikono. Alizitazama gia, kisha akanitazama mimi. “Haya, Profesa. Umesikia.”

Distributa ndiyo inayogawa moto kwenye plagi, kila plagi kwa zamu yake. Haijizungushi. Chini yake kuna hiyo gia ndogo, inayoumana na meno ya kamshafti, ule mhimili wenye vinundu ndani ya injini, na kwenye injini ya aina hii ncha yake ndiyo inazungusha pampu ya oili pia. Meno yakiisha, moto unafika wakati si wake, na gari linasimama. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Nisilolijua ni kwa nini gia ngumu iliisha haraka kuliko laini. Swali hilo lilinikaa kichwani mchana kutwa kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Nilianza na pampu, kwa heshima ya mjomba. Ingekuwa imekwama, ingeilemea gia. Tulichomoa distributa, nikateremsha bisibisi ndefu shimoni, nikaizungusha pampu kwa vidole viwili. Ilizunguka laini bila kugugumia. Oili nayo ilikuwa safi.

“Basi chujio,” alisema mjomba.

“Nimeliangalia.”

“Basi anaendesha kwa kasi.”

“Nikiwa na watoto nyuma?” alisema dereva. “Fundi, mimi hata kuku ananipita.”

Nikachukua kioo kidogo cha kujitazamia na tochi, nikachungulia shimoni. Hapo ndipo nilipoduwaa. Meno ya kamshafti, yaliyokuwa yakisagana na gia hizi muda wote, yalikuwa karibu mazima. Oili ingekuwa haifiki, meno ya pande zote mbili yangeungua. Hapa mmoja alikuwa akila na mwingine akiliwa.

“Dada,” nilimuuliza dereva, “injini hii ndiyo iliyokuja na gari?”

“Hapana. Ile ya kwanza ilichoka. Hii tulipewa na wafadhili mwaka jana, imeshafanyiwa matengenezo. Ile ya zamani haikuwahi kula gia.”

Ijumaa nilipiga simu, nikasoma, nikapiga tena. Jioni nilimwendea mjomba nikiwa na maneno yamenijaa mdomoni. Nilimwambia nadhani mtu aliyeitengeneza ile injini alitia kamshafti ya chuma cha pua, iliyochongwa kwa mashine kama zile za magari ya mashindano, badala ya ile ya chuma cha kumimina. Gia zote tatu zilikuwa za chuma cha kumimina. Chuma hicho kikikutana na chenzake, huzoeana. Kikikutana na chuma cha pua, hutafunwa. Kuongeza ugumu hakusaidii, kunaifanya gia ikauke na kumeguka upesi zaidi tu, na siku gia itakaposhinda, itakayoliwa ni kamshafti yenyewe, na injini nzima imekwenda.

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo tunahitaji gia laini. Ya shaba. Inateleza, na kama kuna wa kuisha, inaisha yenyewe polepole.”

Mjomba alicheka kwa sauti. “Gia ikiliwa, weka laini zaidi! Ndiyo wanayowafundisha huko? Shaba ni urembo wa watu wa mashindano. Hata mimi ninayo kwenye gari langu.”

Gari lake lilikuwa pale nyuma ya gereji chini ya turubai. Alikuwa amelijenga kwa miaka kumi na miwili, kipande kwa kipande, na Jumapili hiyo ndiyo lingetoka kwa mara ya kwanza kwenye maandamano ya magari ya zamani. Ovaroli mpya ilikuwa imeshapigwa pasi, inaning'inia ofisini.

“Unayo kwa nini, mjomba?”

“Injini ilikuja nayo.”

“Hukuuliza?”

Mchomeleaji aliguna. Mjomba hakupenda ule mguno. Akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, akiwemo dereva aliyekuwa amekuja kuulizia gari: “Sikiliza, mpwa wangu. Kesho saa sita mchana, ukinionyesha kwa macho yangu, si kwa simu, kwamba ndani ya pikapu ya huyu mama mna kamshafti ya chuma cha pua, nitaichomoa gia yangu mwenyewe nimpe. Umesikia, mama? Mbele ya shahidi.”

“Nimesikia,” alisema dereva.

Aliahidi kwa sababu alijua atashinda. Na mimi nilijua kwamba hakuna duka lililokuwa na gia ile ya shaba. Wenye maduka watatu walinicheka, wa nne akaniambia nisubiri wiki tatu.

Jumamosi nilifungua sehemu ya juu ya injini tangu saa moja asubuhi. Dereva alinishikia boksi la nati, akizipanga kwa mstari kwenye gazeti, kila moja na jirani yake. Kamshafti ilipoonekana nilimwita mjomba. Kisha nikaleta kamshafti mbovu tuliyokuwa tukiitumia kuzuia mlango wa choo.

“Hii ni ya kumimina,” nilisema. “Tazama hapa katikati ya vinundu. Ngozi yake inakwaruza, na huu mstari ni wa kalibu, pale nusu mbili zilipokutana. Hapa hakuna aliyehangaika kupalainisha. Sasa angalia ile.”

Alishika taa. Aliinama muda mrefu. Ndani ya injini, kati ya vinundu, chuma kiling'aa, laini, na kilikuwa na mistari myembamba ya mashine iliyokichonga kutoka kwenye pande zima la chuma. Hakukuwa na mkwaruzo wala mstari wa kalibu.

“Zima tochi yako,” alisema. “Inaniumiza macho.”

Tochi yangu ilikuwa imezimwa zamani.

Akaenda nyuma ya gereji. Tulisikia turubai likivutwa. Nilimfuata, nikamkuta tayari ameshika distributa yake, anaigeuza huku na huku, gia ikiwa na rangi ya dhahabu iliyofifia.

“Miaka kumi na miwili naipangusa,” alisema taratibu. “Sikuwahi kuiuliza swali.”

Tukaziweka distributa mbili sambamba mezani. Nilihesabu meno: kumi na matatu, na kumi na matatu. Mwinamo wake ulikuwa wa upande mmoja. Kilichonitia hofu ni tundu la katikati, kwa sababu distributa za mashindano nyingine zina mhimili mnene kidogo, na hapo ungekuwa mwisho wa habari. Nilipima mara tatu. Lilikuwa milimita kumi na mbili na nusu kasoro unywele, kote kuwili.

“Inaingia,” nilisema.

Iliingia. Ila kitundu cha pini, ile inayoifunga gia isizunguke peke yake, hakikukutana na cha mhimili wa distributa ya dereva. Kilipishana kwa nusu ya upana.

Mjomba aliibana gia kwenye jiliwa, akaipima urefu wake kwa gia ya zamani, akachukua drili. Kisha akasimama.

“Nikiitoboa upya kwa mhimili huu,” alisema, “hairudi tena kwangu.”

Mchomeleaji alijitia kutazama nje. Dereva alifungua mdomo, nikadhani atamsamehe ahadi yake, kwa maana alikuwa mwanamke mwenye haya. Lakini aliufunga. Nadhani alimkumbuka Mchoraji.

“Fundi,” alisema mwishowe, “siwezi kukuambia acha.”

“Najua, mama. Wala sikukuomba.”

Akawasha drili. Vumbi la shaba lilimwagikia vidole vyake. Alitoboa polepole, akisimama mara kwa mara kutia tone la oili, hadi ncha ikatokea upande wa pili. Akagonga pini kwa nyundo ndogo, mara nne.

Saa kumi alasiri pikapu iliwaka kwa mkupuo wa kwanza, ikanguruma bila kukohoa. Dereva aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

“Shaba huisha,” mjomba alimwambia. “Kila mkifunga shule, niletee tuyaone meno. Usingoje lisimame.”

“Nitaleta.”

“Na Jumatatu toka mapema.”

Pikapu ilipoondoka, mjomba alivuta turubai, akalifunika gari lake, akafunga kamba zote nne. Kisha akatoa simu mfukoni.

“Kesho msinisubiri,” alisema. Akasikiliza. “Hapana, halijaharibika. Kuna kitu nilikuwa nimeahidi.”